Tarehe Moja Januari

Siku mfumo wa hospitali uliposema baba yangu amefariki, mzee mwenyewe alikuwa amesimama dirishani kwa karani, kofia mkononi, amekuja kufanyiwa upasuaji wa macho.

"Huyu alifariki mwezi wa tatu," karani akasema.

"Basi nimerudi kuchukua kofia," mzee akajibu. Ndivyo alivyo, utani haumwishi.

Mimi sikucheka. Mfumo ule niliujenga mimi.

Iko hivi. Mafaili yalikuwa yamejirudia kupita kiasi, mgonjwa mmoja ana matatu. Kuandika programu ya kuyaunganisha kungekula miezi, kwa hiyo bosi akasema tutafute iliyo tayari, tuichomeke, maisha yaendelee.

Nikapewa nne nizipime. Nikachagua iliyong'aa. Niliijaribu kwa mafaili ya mfano aliyoleta muuzaji mwenyewe, na ikafaulu yote.

Mama wa masjala, aliyezeekea kwenye makabati ya mafaili, akaniuliza, "Mwanangu, umeijaribu kwa mafaili yetu?"

"Mama, mambo ya kompyuta niachie mimi."

Kwenye fomu ya kuidhinisha programu nikaandika: imejaribiwa kwa mafaili ya hospitali. Nikatia saini bila aibu.

Mafaili ya muuzaji yalikuwa na tarehe kamili za kuzaliwa. Kwetu, mzee asiyejua siku aliyozaliwa anaandikwa tarehe moja Januari, na wazee wa hivyo ni wengi. Programu ikikuta jina moja na tarehe moja, inahesabu mtu mmoja. Jina la baba liko kila mtaa. Ikamuunganisha na marehemu mmoja wa jina lake, ikafuta nafasi ya upasuaji aliyoisubiri miezi minane.

Kumrudisha kwenye mfumo kulichukua siku mbili, lakini nafasi ilishapewa mwingine. Akaanza foleni upya. Presha ya macho haikumsubiri. Zamu yake ilipofika, daktari alimmulika tochi, akaizima, akanitazama mimi.

Jumapili moja nilikuwa nimemshika mkono kumpeleka barazani.

"Aliyechagua hicho kidude hakufikiria wazee," akasema.

"Labda alikuwa na haraka, baba."

Akapapasa kiti, akaketi.

"Yule mama wa masjala alikuja kunijulia hali. Akaniambia kuna fomu iliyotiwa saini, nikamwomba anitajie jina lililo juu yake."

Nikauachia mkono wake.

"Ni miezi sasa, mwanangu. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Ndugu yangu unayechagua programu za watu wengine, zijaribu kwa mafaili ya watu wako, na anayeyajua ukimdharau utanikumbuka. Mimi kila asubuhi namtajia baba rangi ya shati alilovaa. Ananishukuru, na hapo ndipo ninapoumia zaidi.