Pikapu ya Mjomba Baya

Niliondoka Malindi Ijumaa asubuhi kwa sababu ya ahadi ya mtu mwingine. Mjomba wangu Baya, mkulima wa Vitengeni aliyepiga gitaa kwenye kumbi za Mombasa ujanani, alikuwa amemwahidi binti yake Dama kumpigia siku ya harusi. Lakini gitaa lake la umeme, la Kijapani, la zamani, jekundu, lenye tumbo tupu kama ngoma, lilikuwa bubu. Kwa kuwa napiga katika bendi ya hoteli, alinituma nimtafutie fundi, nami nikalipeleka Kilifi wiki iliyotangulia.

Kilifi, kabla ya adhuhuri, nilimkuta Bi Rukia, fundi wa redio, ameshamaliza kazi. Alikuwa ameng'oa pikapu kuukuu, yaani kile kidude cha chini ya nyuzi kinachonasa sauti, akatia mpya. Aligusa uzi mmoja, vikombe vikatetemeka mezani.

"Mwambie mjombako asilisogeze karibu na spika," alinionya. "Litapiga mayowe."

Nikampigia mjomba simu. Mtandao ulikuwa ukikatikakatika.

"Shikamoo mjomba! Pikapu mpya tayari! Ina nguvu hiyo, wee acha tu!"

"Marahaba! Pikapu? Mpya?"

Nikasikia vigelegele upande wa pili. Nikashangaa jinsi wanavyopenda muziki kule.

Kutoka Ganze nilipanda bodaboda, gitaa mgongoni, vumbi hadi kwenye meno.

Vitengeni, jioni, nilikuta viti na sufuria vimepangwa kando ya njia. Mke wa mjomba alichungulia nyuma ya pikipiki.

"Gari liko nyuma?"

"Gari gani, mama?"

"Pikapu! Ya kumpeleka bibi harusi kanisani na vyombo vya karamu! Mjombako ameshamwambia mwenye trekta asije!"

Nilifungua mfuko wa gitaa, nikaonyesha kidude chenye ukubwa wa kiberiti. "Pikapu... ndiyo hii, mama."

Mjomba alikaa juu ya kinu, akashika kichwa. Mwenye trekta alipopigiwa simu, alikuwa amekwisha kukodiwa kwingine. Dama peke yake ndiye aliyecheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

"Baba, mimi niliomba gitaa. Gari sikuomba."

Jumamosi asubuhi tukaenda kwa miguu, viti na sufuria vichwani. Kanisa liko ng'ambo ya bonde. Dama alishika viatu mkononi. Mjomba alitangulia akipiga, nami kando yake nimejitwika spika ya betri. Kila aliponisogelea, gitaa lilipiga yowe, na mbuzi wa bonde zima wakaitikia. Watu wakatoka mashambani kuangalia nani anachinjwa. Wakatukuta sisi, wakacheka, wakatupokea sufuria na viti, wakafuatana nasi.

Kanisani, bwana harusi alitoka mbio kutupokea, msimamizi wake akimvuta kwa koti. Mchungaji akangoja. Mjomba hakuacha kupiga. Alimaliza wimbo, akaanza mwingine, kisha mwingine, macho yamejaa maji. Mwishowe Dama aliweka kiganja juu ya nyuzi.

"Baba, basi. Sasa nikabidhi."

Akamkabidhi.

Jumapili nilirudi Malindi, shingo haigeuki. Chakula kiliwaishia wenyeji, maana wageni tuliwaokota njiani, na mke wa mjomba bado hajanisamehe. Lakini nilikuwa karibu na mjomba njia nzima, nikamwona. Pale nyumbani alipiga kama mtu anayeringa. Bondeni alipunguza mwendo, akawa anageuka kumtazama binti yake. Nilichojifunza ni hiki: Dama angeweza kufika kanisani kwa gari, upesi tu. Baba yake asingeweza. Yeye alihitaji njia ile yote.