Birika la Hekaluni

Kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, yaya huja kwa Gakii pale Najma, mtaa wa mji wa Kiarabu wanakofanya kazi wote wawili, na hata akiwa mgeni mikono yake haitulii: hukunja nguo za mwenyeji wake, hufuta meza iliyokwisha futwa, hupuliza chai iliyopoa kama anayempozea mtoto. Mama yake alikuwa mahututi huko Pemba wakati matajiri wake walipomchukua Japani kuwaangalia watoto. Tangu arudi hajamtaja mama, na Gakii, pamoja na uuguzi wake wote, ameogopa kuuliza. Badala yake yaya husimulia safari, kwa sauti ya chini, kana kwamba watoto wamelala chumba cha pili. Leo ni zamu ya hekalu la kale la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani.

"Mlangoni pana birika la mawe na kata, kama msikitini kwetu. Watu wananawa mikono, wanasukutua. Nikadhani ni udhu, shoga yangu! Nikavua viatu, nikaosha mpaka miguu."

"Wacha! Hawakukufukuza?"

"Madamu alijifanya hanijui. Mzee mmoja mfagiaji ndiye aliyeniletea taulo. Nikamshukuru kwa Kiswahili, ndiyo lugha iliyonijia."

"Akakuelewa?"

"Hata neno moja." Yaya alishusha pumzi. "Basi nikamwambia kwamba mama kazikwa asubuhi ile. Akainama, akakaa vile vile kitambo. Wewe ndiwe wa pili kuambiwa."