Mavu wa Buswelu

Jamani mnicheke tu, maana aibu hii nimeshaizoea: mimi, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, nilishindwa Kiswahili mbele ya mtaa mzima wa Buswelu, tena na mama mkwe mtarajiwa, siku mbili kabla ya kwenda kujitambulisha kwake.

Ilianza na wadudu. Walijenga kiota chini ya paa la jiko la uani, wakubwa, weusi, mabawa marefu yanang'aa, na mimi sikuwahi kuwaona. Badala ya kumuuliza jirani kwa mdomo, nikapiga picha nikairusha kwenye kundi la mtaa la simu: "Wadau, hawa ni wadudu gani?" Mama Neema (mama wa binti ninayemtaka, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu) akajibu papo hapo: "Mavu hao, mwalimu. Usiwaguse."

Sasa neno hilo sikulijua, kwetu sisi tuliokulia mjini kila mdudu mwenye mwiba ni nyigu, na kwenye simu u na i zimekaa jirani, basi nikasoma tusi. Ningenyamaza yangeishia hapo. Nikaandika: "Shikamoo mama. Nadhani kidole kimeteleza, hilo ni neno la chooni na humu kuna watoto." Watu wakaanza kumwaga vikatuni vya kucheka. Akarudisha: "Marahaba. Nimeandika mavu. M-a-v-u." Nami, kwa kiburi cha kushika chaki, nikamjibu kuwa neno hilo halipo kwenye Kiswahili sanifu, labda ni la kijijini kwao, na kwamba wale ni kumbikumbi wakubwa tu, hawana madhara, subirini niwaonyeshe kwa video.

Nikashika fagio mkono mmoja, simu mkono mwingine.

Yote sisimulii. Nilitoka getini na kiatu kimoja, shati nimelivua nalizungusha kichwani, nalia kwa sauti (wanafunzi wangu wawili walikuwa wanapita, bila shaka), nikaingia uwanja wa kwanza niliouona wazi, ambao ulikuwa wa Mama Neema, na pale alikuwa ameanika dagaa.

"Lala chini, baba! Funika uso!" akanitupia kitenge. Nikalala juu ya dagaa wake.

Jioni, kwa jicho moja lililobaki wazi, nikafungua kamusi. Neno lipo: aina ya nyigu wakubwa, wakali.

Jumamosi nikaenda ukweni na mjomba wangu, midomo bado imevimba. Niliogopa kwelikweli, kwa sababu Neema nampenda, na mwenye kukubali au kukataa ni mama yake. Mjomba akaeleza kilichotuleta. Mama akanitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Mwalimu," akasema, "kuoa utaoa. Ila watoto wakizaliwa, Kiswahili nitawafundisha mimi."

Sebule nzima ikacheka, wa kwanza mjomba wangu. Nikaitikia, "Ndiyo, mama," na siku hizi mtu akiniandikia neno nisilolijua, kwanza nanyamaza.