Magunia ya Mama Mueni

Mtu akimwaga mafuta ya taa karibu nami, hata tone moja, harufu yake hunirudisha Shauri Moyo, kwenye msimu mmoja wa miaka ya sabini ambapo harufu hiyo ilitoweka kabisa mtaani. Mafuta yaliadimika. Stovu zikasukumwa chini ya vitanda, na kila nyumba ikarudi kwenye jiko la makaa.

Muuza makaa wetu alikuwa Mama Mueni, mjane kutoka Kitui, mwanamke wa maneno machache. Binti yake, Mueni, alikuwa rafiki yangu mkubwa. Bei ya debe moja ilipanda, ikapanda tena, na foleni mlangoni pake haikupungua. Tungefanya nini? Maharagwe hayangeiva kwa kutazamwa.

Mama yangu alikuwa akikaanga mandazi asubuhi kando ya njia ya waendao kazini. Makaa yalipopanda, naye akaongeza senti kumi kwa kila andazi. Siku ya tatu beseni lilirudi nyumbani nusu yake ikiwa haijaguswa. Wanaume waliozoea kula manne wakiwa wamesimama sasa walipita wakitazama upande mwingine. Tulisikia wanakunywa chai kwa ugali wa jana. Tulikula mandazi asubuhi, mchana na jioni, hadi mdogo wangu akawa analia akiliona karai.

Jambo hilo lilimkosesha mama raha. Yeye kaongeza senti kumi, wateja wametoroka. Mama Mueni kaongeza mashilingi, na watu wanasukumana. Huko bombani, mama na majirani wakakubaliana kwamba Mama Mueni anaficha makaa ili yaonekane machache. Nami nikaanza kumchunguza. Mbona siku hizi anafunga mlango mchana? Mbona pazia la chumba cha nyuma halifunguliwi tena?

Jumamosi moja mama aliniambia niende kucheza na Mueni, na nisisahau kwenda na macho. Mueni alipotoka kuchota maji, niliinua ncha ya pazia. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari, meusi, yamevimba. Nilikimbia nyumbani bila kuaga.

Mama hakungoja. Alikwenda na wanawake watano, mimi nimeshika leso yake, akasema wamekuja kuona magunia. Mama Mueni alinitazama mimi kwanza. Kisha akavuta pazia, akashusha gunia moja kwa mkono mmoja tu, akalimwaga. Yakatoka magunia matupu, yaliyoshindiliwa humo ndani. La pili likawa vivyo hivyo. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba alikuwa akingoja lori liyarudishe Kitui yakajazwe, lakini sasa wauza makaa wote walikuwa wakigombea malori yale yale, na mwenye lori alimbebea mzigo yule aliyekubali kulipa zaidi.

"Ungeniuliza, Mama Wambui," alisema.

"Nisingekuamini," mama akajibu, na nadhani alikuwa anasema kweli.

Kesho yake nilitumwa na mandazi sita yaliyofungwa kwenye gazeti. Mama Mueni aliuliza bei. Nikamwambia ni ya bure. Akanitilia pesa kiganjani, kwa bei ile mpya, akafunga mlango. Mueni hakuja kucheza tena.

Mafuta yaliporudi, bei ya makaa ilishuka yenyewe, bila mtu kumkemea mwenzake. Mama alilitilia shaka hilo pia.

Nikiwa kidato cha tano, mwalimu wa uchumi alichora mistari miwili inayokatana, akatueleza kuhusu vitu ambavyo watu wanaweza kuviacha bei ikipanda, na vile wasivyoweza. Andazi la mama lilishindana na ugali wa kila sufuria. Makaa, msimu ule, hayakuwa na mshindani. Hapo ndipo nilipowaona waliopandisha bei: ni sisi, kwenye foleni, kila mmoja na debe lake.

Lingine nilichelewa zaidi kulielewa. Nyuma ya lile pazia sikuona makaa. Niliona magunia. Makaa niliyabeba mwenyewe kichwani, kutoka nyumbani.