Maharage ya Shangazi

Harufu ya kitunguu kinachoanza kuungua kwenye mawese hunirudisha Gitega, hata nikiwa nimekaa hapa Muyinga, jikoni kwa mama. Nilipelekwa huko kusoma ningali mdogo, nikakaa mtaa wa Mushasha kwa shangazi, dada yake baba, mjane asiyejaliwa mtoto. Alinipokea kwa furaha iliyonitia haya. Lakini siku ya tatu alinipa ungo nichambue maharage, akanitania kwamba mgeni ni siku mbili tu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha kusema *compared with*, nasi tukaipenda kupita kiasi. Kila kitu tulikilinganisha, hata mbuzi wa jirani. Alipotupa insha kuhusu chakula cha nyumbani, niliandika kwamba ukilinganisha na mama yangu, maharage ya shangazi hayana ladha. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba maharage hulinganishwa na maharage, si na mama wa mtu. Nikasahihisha, nikapata alama nzuri, nikakimbia nyumbani kujigamba.

Shangazi hakujua Kiingereza. Aliniomba nimsomee kwa Kiswahili, nami kwa ujinga wa furaha nikamsomea yote. Mwiko ukasimama chunguni. Hapo ndipo nilipoona nimemuumiza, nikaogopa kwamba kesho atanipandisha basi la Muyinga na shule iishie hapo.

Aliingia chumbani kwake, akatoka na gunia lililofungwa kwa kipande cha kitenge. Kitenge kile nilikijua, kilikuwa cha mama.

"Hii maharage iko ya mama yako," akasema taratibu. "Tangu umefika, mi sijanunua ingine. Alisema nisikuonyeshe, juu ukiona kitu ya kwenu unalia."

Kisha akanipakulia, akaongeza mawese. Nililia kweli, na nikala yote. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mwalimu alikuwa sahihi, lakini sentensi yangu ya kwanza ndiyo iliyosema ukweli. Maharage hayakuwa na kosa. Nilikuwa namtaka mama.

Shangazi alishatangulia mbele ya haki. Jana mama alipika maharage ya shamba lake la Gasorwe, lile lile lililotoa gunia la shangazi. Nikaonja, na kabla sijafikiri nikamwambia kwamba ukilinganisha na shangazi, haya yamepungukiwa kitu.

Mama hakukasirika. Alinisogezea sahani.

"Kula, mwana wangu," akasema. "Na mi namukumbuka."