Ndege Niliowafukuza Kyerwa

Kwangu mimi, kukaa kimya ni adhabu. Kanisani najikuna, msibani nahesabu mabati, na mwalimu wa darasa la tatu alinihamishia karibu na mlango ili nikitoka nisisumbue wengine. Kwa hiyo niliposikia kwamba hifadhi moja ya ardhioevu huko Kyerwa inatafuta mtu wa kuhesabu ndege wahamaji kandokando ya ziwa, siku nyingine ningecheka nikapita zangu. Lakini nilikuwa nimekaa nyumbani miaka miwili na cheti cha chuo, na nilikuwa nimechoka kuulizwa na kila mtu gulioni kama nimeshapata kazi. Nikaomba. Wakaniita nije nijaribiwe siku moja.

Nilipanda pikipiki Omurushaka kukiwa bado na umande, tukapita Kimuli, na muda wote nilikuwa namsukuma dereva mgongoni aongeze mwendo. Mhifadhi alinipokea kwa upole. Alinipa darubini, daftari na mabuti ya mpira yaliyonizidi.

"Dada, hawa wametoka mbali, Ulaya huko," alisema. "Wanashuka hapa wale, wapate nguvu za kuendelea. Ukiwarusha, unawakatizia safari yao. Kaa tu, hesabu."

Kaa tu! Kana kwamba ni jambo dogo. Tukajibanza nyuma ya mafunjo. Haikupita robo saa, mguu wangu wa kulia ukaanza kutikisika wenyewe. Mbu walikuwa masikioni, maji yalikuwa ndani ya buti, na kazi ile niliitaka kweli.

Nyabiyonza nilikokulia, mama alikuwa na kishamba cha mtama wa kupikia pombe ya rubisi chini ya migomba. Kila likizo mimi ndiye niliyeamia ndege, nikiwafukuza kwa debe na fimbo. Mwaka mmoja nikachoka kukaa, nikawafuata wenzangu kwenye mapera. Niliporudi, masuke yalikuwa matupu. Mama alisimama katikati ya shamba akiyashika moja moja. Hakunipiga, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Tangu hapo, nikivunja sahani au nikichelewa kuteka maji, mama hulitaja shamba lile, mpaka leo, na umri wangu huu.

Basi likatokea kundi. Ndege wadogo wa kahawia, mamia kwa mamia, wakageuka wote pamoja angani na kuanza kushuka mbele yetu topeni, kama wale wa nyumbani walivyokuwa wakishuka kwenye mtama. Naapa sikukusudia. Nilijikuta nimesimama, mikono inapiga makofi, na mdomo unapaza sauti:

"Hooo! Hooo! Tokeni! Hooo!"

Ufukwe wote ukaruka. Vitwitwi, korongo, hata bata waliokuwa wamelala. Mhifadhi aliwafuata kwa macho mpaka walipopotelea upande wa Rwanda, kisha akalichukua daftari mkononi mwangu, taratibu, na kulifunga.

"Pole, dada," alisema. "Kazi hii haitakufaa."

Jioni nilimkuta mama jikoni akimenya ndizi. Nilimwamkia, kisha nikamwaga yote kwa hasira, nikizunguka mafiga, nikijitukana. Yeye aliweka kisu chini.

"Walikuwa wengi?"

"Wengi mno, mama. Siku nzima usingewamaliza kuwahesabu."

"Na wote wakaruka?"

"Wote. Hakubaki hata mmoja."

Aliniangalia, vidole vyake vyeusi kwa utomvu. Nilidhani atacheka.

"Basi lile la mtama limeisha," alisema. "Sitalitaja tena."

Akashika kisu akaendelea kumenya. Mimi nikatoka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikalia sana, wala si kwa ajili ya kazi. Na hata kulia kwenyewe sikuweza kukaa chini. Nililia huku natembea.