Pua ya Mwalimu wa Kemia

Wanafunzi walimwita Mwalimu Pua, na yeye alijua wanavyomwita, wala hakununa. Pua yenyewe haikuwa kubwa. Jina lilitokana na namna alivyofundisha, na mimi niliyetunza maabara ya chuo chetu cha uuguzi na ufamasia miaka yote aliyofundisha pale ndiye niliyemwona akifundisha kuliko mtu mwingine yeyote. Akitokea wa kukusimulia habari zake, mwambie akae pembeni kwanza, anisubiri mimi.

Kemia ya kaboni husomwa mwaka wa kwanza, na hapo ndipo watu hutokwa na jasho. Mtu amekuja kujifunza kudunga sindano na kufunga vidonda, halafu siku ya kwanza anachorewa ubaoni kitu chenye pembe sita, anaambiwa hiyo ni benzini, aizoee. Nimeona watu wazima, mama wa watoto, wakitoka darasani wanajifuta machozi. Mwalimu hakuwa na haraka ya kuchora. Alikuwa akisema kaboni ni mtu mwenye mikono minne asiyependa hata mkono mmoja ukae bure. Hushika chochote kilicho karibu, na alichokishika ndicho kinachombadilisha tabia. Akishasema hivyo, anafungua chupa.

"Msitumbukize pua kwenye chupa kama mbuzi kwenye ndoo," alikuwa akiwaambia. "Shika mbali, pepea kwa kiganja, vuta kidogo."

Siki, hiyo asidi. Spiriti ya kupangusia ngozi kabla ya sindano, hiyo alkoholi. Dawa ya kutolea rangi ya kucha, ketoni. Mafuta ya kuchua mgongo, esta. Mtu akishanusa ndipo anachorewa, na mchoro unakuwa sura ya kitu anachokijua. Kisha huwaambia kwa nini muuguzi ahangaike na mambo hayo. Aspirini ikinuka siki, imeingiwa na unyevu, esta imevunjika, tupa. Na mgonjwa wa kisukari akikupumulia ukasikia harufu ya dawa ya rangi ya kucha, usipoteze muda kumwuliza anaishi wapi, mkimbize kwa daktari. Mwili wake umekosa insulini, unachoma mafuta, na ketoni zinamjaa kwenye damu.

Hilo la mwisho hakulisomea kitabuni tu. Mkewe alikuwa na kisukari tangu usichana, akijidunga insulini kila siku. Mimi nilimwita wifi, kwa sababu Mwalimu na mimi tulikwisha kuwa kaka na dada wa kazini, na nyumba zetu zilikuwa jirani, asubuhi nampitia twende chuoni pamoja. Kwa hiyo niliona. Kabla ya kuvaa viatu, Mwalimu humwendea mkewe, humshika kidevu, wifi anapumua nje, Mwalimu ananusa, anasema, "Uko safi." Ndipo tunaondoka. Siku moja, zamani, hakusema hivyo. Alisema twende hospitali, na daktari aliyewapokea alisema wangechelewa kidogo tu ingekuwa habari nyingine. Tangu hapo wifi hakuambilika, aliiamini pua ya mumewe tu. Mashine ya kupimia sukari alikuwa nayo, tena nzuri, lakini alikuwa akinitania, "Mashine huisha betri, wifi. Huyu wangu haishi."

Mwaka mmoja Mwalimu alishikwa na mafua mabaya, yakamlaza. Aliporudi kazini alikuwa amekonda, lakini utani wake ulikuwa palepale, nami nikafurahi. Yako mambo niliyoyaona bila kuyaelewa. Kwa mfano, nilitengeneza chai ya maziwa yaliyokwisha kuharibika. Mimi yangu niliimwaga kwa harufu tu, nikageuka kumwomba radhi, nikakuta yake ameinywa mpaka chini na ameshukuru. Nikamwona muungwana. Darasani napo alianza kuwapa wanafunzi chupa na kuwauliza wao, "Haya, hii ni nini?" Nikadhani amejifunza mbinu mpya kwenye semina.

Ikafika siku ya kutengeneza esta. Wanafunzi huipenda sana siku hiyo, kwa sababu kazi ikienda sawa maabara nzima hunuka kama chumba cha bibi mwenye maumivu ya mgongo. Unatia unga wa asidi ya salisili kwenye neli ya kioo, unaongeza methanoli, unadondoshea asidi kali ya salfuriki, unapasha moto ndani ya bika, kile chombo cha kioo, lenye maji. Meza ya dirishani alikuwepo Mama Wodi, mwanafunzi mkubwa kwa umri aliyekuwa mhudumu wa wodi kabla ya kuja chuoni, pamoja na kijana mmoja mjuaji ambaye wenzake walimwita Profesa. Profesa alikuwa na haraka. Alikwisha kuweka neli kwenye maji ya moto, anajisifu, na unga bado uko kwenye karatasi mbele yake.

Mwalimu akafika. Akaitoa neli, akaishika mbali, akapepea kwa kiganja, akafumba macho kama kawaida yake.

"Naam," akasema. "Hiyo ndiyo yenyewe. Mafuta ya kuchua. Mmesikia wenzenu walivyofanya?"

Nilikuwa nyuma yake na kapu la neli safi. Mle ndani hamkuwa na mafuta ya kuchua wala ndugu yake. Mlikuwa na methanoli na asidi, inanuka spiriti, hata mimi niliye na pua iliyochoshwa na moshi wa maabara niliisikia. Profesa, ambaye kwa kawaida mdomo wake haufungi, aliuangalia tu ule unga kwenye karatasi. Mama Wodi ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini, kama anavyomsemesha mgonjwa asiyejua amejikojolea.

"Mwalimu, hii bado. Unga hatujatia."

Hakucheka mtu. Heri wangecheka. Mwalimu alirudisha neli mahali pake taratibu, akasema, "Basi tieni," akaenda moja kwa moja stoo. Niliweka kapu nikamfuata, nikarudishia mlango.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

Alijifanya anatafuta kitu rafuni. "Tangu lini nini, dada?"

"Usinichezee. Yale maziwa uliyanywa."

Akaacha kutafuta. "Tangu mafua," akasema. "Nilidhani itarudi. Daktari alisema huenda ikarudi. Sisikii kitu, dada. Siki sisikii, amonia sisikii. Nikila, natafuna tu."

Nilimwonea huruma, sikatai, lakini hasira ilitangulia. Mabomba ya gesi yamepita chini ya kila meza mle ndani, na miaka yote tulimtegemea yeye kusema kunavuja. Nikamwambia hivyo, tena bila kumung'unya. Akanisikiliza ameinamisha kichwa. Halafu ndipo akili yangu ikafika pale ambapo ingetakiwa ianzie.

"Na wifi?"

Akaanza tena kupanga chupa rafuni.

"Leo asubuhi nimekuona kwa macho yangu umemshika kidevu. Umemwambia yuko safi."

"Mashine anayo," akasema. "Anapima. Nilijiambia mashine ipo, hakuna kitakachoharibika. Sasa nimwambie nini? Yule analala kwa sababu anajua asubuhi nitamwangalia. Nikimwambia sina pua, atakesha."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikasema. "Na haya si maradhi yako peke yako. Ameamkaje leo?"

Akafikiri. "Analalamika tumbo. Na kiu. Alikunywa jagi zima la maji, nikamtania kwamba atakausha bomba la mtaa."

Alipomaliza kusema maneno hayo nadhani aliyasikia yeye mwenyewe kama ambavyo angeyasikia kutoka kwa mwanafunzi. Uso ulimbadilika. Tumbo, kiu, maji mengi: hilo ni swali la mtihani kuhusu ketoni, na yeye ndiye hulitunga. Akajaribu kumpigia mkewe simu, ikaita mpaka ikakatika.

Nilitoka stoo nikazima gesi ya maabara nzima, nikawaambia wanafunzi waache kila kitu kilivyo na waende nje. Mama Wodi nikamwomba tufuatane. Nilihitaji pua, na katika sisi watatu yeye tu ndiye aliyekuwa nayo ya kuaminika. Hakuuliza maswali. Alivua koti jeupe, akalitundika, akaja.

Tulimkuta wifi kwenye kochi, ndoo ya kutapikia miguuni. Alikuwa anahema kwa nguvu, pumzi ndefu ndefu za haraka, kama mtu aliyepanda ngazi mbio, na huku hajatoka alipoketi. Alitutazama akatabasamu kwa shida, akasema samahani nyumba haijafagiliwa. Mwalimu alisimama katikati ya chumba. Sikuwahi kumwona mtu anayeijua kazi kiasi kile akashindwa kujua mikono yake aiweke wapi. Mama Wodi akapiga magoti mbele ya kochi.

"Pole, mama. Nipumulie kidogo hapa."

Wifi akapumua. Mama Wodi akageuka kutuangalia, na hakumwangalia Mwalimu, aliniangalia mimi.

"Dawa ya rangi ya kucha," akasema. "Tena nyingi."

Jirani mwenye gari alikuwepo, kwa bahati. Hospitalini walimtundikia maji, wakamwanzishia insulini, wakampima damu kila mara. Daktari alituambia insulini aliyokuwa akijidunga nyumbani huenda iliharibiwa na joto, kwa hiyo alikuwa akijidunga kitu kilichokwisha nguvu. Akasema pia kwamba atapona, ila mngesubiri jioni msingemkuta. Mwalimu alikubali kwa kichwa. Kisha akatoka ukumbini akampigia mkuu wa chuo, nikamsikia akimweleza kila kitu, pamoja na habari za gesi, na kumwomba maabara apewe mwingine. Hakujitetea. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa bado nilikuwa na hamu ya kumzaba kofi.

Kesho yake wifi alikuwa ameketi kitandani, macho yamerudi, sauti bado dhaifu. Mwalimu alikuwa kwenye kiti upande mmoja, mimi upande wa pili.

"Kuna kitu sikielewi," wifi akasema. "Jana uliponiaga nilijipima. Mashine haikutoa hata namba, iliandika tu kwamba sukari iko juu. Nikasema stripu za kupimia zimeingiwa na unyevu, zimeharibika. Wewe ulikuwa umeshaniambia niko safi. Nikaiweka kabatini."

Nilitamani niwe popote duniani isipokuwa pale. Mwalimu aliitegemea mashine, na mkewe alimtegemea yeye, na kati yao hapakuwa na mtu anayelinda. Mwalimu aliinama kuelekea kitandani.

"Sina pua, mke wangu," akasema. "Tangu yale mafua. Sikuwa nanusa kitu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Wifi alivuta shuka mpaka kifuani. Hakumtukana, na nadhani Mwalimu angefurahi kutukanwa. Mwishowe akaniangalia mimi. "Wifi, mtoe nje kidogo."

Mwalimu alitoka mwenyewe bila kutolewa. Mlango ulipofungwa, wifi akalia, na mimi nikamshika mkono nikamwacha alie.

"Si kufa ninakokuogopa," akasema. "Kufa nimekaa nako tangu niko msichana. Lakini kwa mama yangu nilikuwa silali, wifi. Nilikuwa naogopa kulala nisiamke. Nikaja kulala nilipoolewa na huyu. Sasa nitalala vipi?"

  Nilimpangusa uso kwa kitambaa chenye maji, nikamtengenezea mto, nikamwuliza kama nimwite mumewe. Akafikiri, akasema nimwite.

Mwalimu aliingia akasimama upande wa miguuni, kama mgeni. Mikono aliifunga nyuma. Mkewe alikuwa anamtazama anangojea aseme kitu, na mimi nilijua kwamba akisema samahani nyingine tutakuwa tumekwama palepale.

"Unajisikiaje?" akamwuliza.

Wifi akashangaa kidogo. Nami nilishangaa, maana asubuhi zote zile nilizosimama mlangoni kwao nikimsubiri, sikuwahi kumsikia akimwuliza. Alikuwa akinusa, anajijibu mwenyewe.

"Unataka kujua kweli?" wifi akasema.

"Nataka."

"Basi kaa, maana ni marefu."

Mwalimu akavuta kiti akakaa. Wifi akaanza na miguu, jinsi inavyomfa ganzi usiku na yeye hasemi, akapanda taratibu kwenda juu, na Mwalimu hakumkatiza hata mara moja.